Upande wa Nyuma wa Karatasi

Kila alasiri akitoka shule, Maren Sorvari alivua buti zake za theluji mlangoni, akaziacha zimelala ovyo zikichuruzika maji, akapanda ngazi mbio kwenda chumbani. Mama yake alikuwa keshachoka kusema.

"Maren! Buti!"

"Nakuja, Mama!"

Haji ng'o. Alikuwa keshaketi mezani, simu ameiegemeza kwenye kopo la penseli, katuni ameisimamisha mahali pamoja, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo, anachora.

Mwaka ule watoto wote wa mji wetu wa Duluth walikuwa wamepagawa na katuni ya *Mabaharia wa Barafu*. Maren alimchora Kapteni Vesna akiwa juu ya mlingoti, Vesna akila supu, Vesna akilia. Akimaliza, alipiga picha mchoro wake na kuuweka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa klabu ya wachoraji ya maktaba, na mioyo ya pongezi ikaanza kumiminika. Hiyo huitwa michoro ya mashabiki, nanyi msiidharau. Mtu akikuambia ni mambo ya kitoto, mpe penseli umwambie achore yeye tuone. Tena michoro ya mashabiki ina adabu yake: chini ya karatasi unaandika mhusika ni wa nani, ndipo unaandika mchoraji ni wewe. Hakuna anayedanganywa.

Lakini Maren alikuwa na jambo linalomkereketa moyoni. Mwondolee ile simu mbele yake, na mkono wake haukujua pa kuanzia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, watu wanamwita msanii, na hakuwahi kuchora mtu ambaye hakuwa amekwisha kuchorwa na mwingine. Alinisimulia hayo mwenyewe baadaye, huku analia, ndiyo maana nayajua.

Rafiki yake alikuwa Tova Lindgren, wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Tova alikuwa mchoraji wa aina nyingine kabisa. Alichora polepole, akafuta, akachora, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Watu wake wote waliegemea upande mmoja, na jicho lao la kulia lilikaa juu kuliko la kushoto. Kwenye ukurasa wa klabu alikuwa akiweka vitu vidogo vidogo tu: kikombe, kunguru, mguu wa kiti. Mioyo aliyopata ungeweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kumbe nyumbani alikuwa na Oda.

Oda ni msichana wa kubuni, mwenye koti kubwa la manjano, anayevuta sleji, kigari kisicho na magurudumu, juu ya theluji pamoja na mbwa wake mwenye miguu mitatu. Juu ya sleji kuna vitu vilivyopotea: glovu moja moja, funguo, meno ya bandia. Kazi ya Oda ni kumtafuta mwenye kitu na kumrudishia. Tova alimbuni wakati wazazi wake walipoachana na mdogo wake, Elis, akachukuliwa na baba kwenda kuishi mji wa Fargo. Kila wiki Tova alimchorea Elis safari moja ya Oda na kuituma kwa posta. Elis, mwenye miaka minane, alizibandika ukutani zote. Oda alikuwa wa wao wawili tu, na hakuna mtu mwingine aliyemjua isipokuwa Maren.

Siku ya kuzaliwa ya Maren, Tova alimchorea Oda akivuka ziwa lililoganda, kwenye karatasi nyembamba nzuri.

"Ee, Tova! Huyu unamficha wa nini?" Maren alisema, na wakati huo alisema kwa moyo mweupe. "Mlete Siku ya Wachoraji!"

"Ninaogopa."

"Unaogopa nini wewe? Mlete!"

Mama yake Maren akaibandika picha ile juu ya kitanda.

Siku ya Wachoraji ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili, pale maktaba. Kila mtoto hupewa meza: upande mmoja michoro ya mashabiki, upande wa pili mhusika uliyembuni mwenyewe. Mwaka ule kulikuwa na jambo jipya. Mhusika mmoja wa kubuni angechaguliwa na kupakwa rangi kwenye ukuta wa chumba cha watoto, mkubwa, toka sakafuni hadi darini. Tova alipolisikia hilo alinong'ona, "Elis akija likizo atamkuta Oda ukutani." Akakubali kumleta.

Na Maren? Kila mtu shuleni alimwambia, "Ah, ukuta ni wako ule." Naye anatabasamu. Alijaribu kubuni. Alichora msichana, akatoka kama kiazi. Alichora mvulana, mikono akaificha mfukoni kwa sababu mikono ilimshinda. Siku zikayoyoma, na waliotaka watu wamwone mhusika wao mapema walitakiwa kumweka kwenye ukurasa wa klabu kabla ya Ijumaa.

Alhamisi alasiri, jua likiwaka juu ya theluji nje, Maren alipanda kitandani, akaibandua picha ya Oda, akaiweka kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ukaipenya. Hapo akafanya ujanja. Aliigeuza, sura ikaangalia dirisha na mgongo ukamwangalia yeye, ili sleji iliyokuwa ikienda kulia sasa iende kushoto. Akaweka karatasi safi juu yake, akaanza kufuatisha mistari.

"Nitabadilisha nywele," alijiambia. "Koti nitalifanya ngozi ya mbwamwitu. Sleji nitaijaza mishale. Hatakuwa Oda tena."

Akambadilisha nywele. Akamvika ngozi. Mbwa akamwongezea mguu wa nne na mkia mnene. Akamwita Runa Binti Mbwamwitu, akaandika chini: *Amebuniwa na kuchorwa na Maren Sorvari.* Picha ya Tova akaisukumia chini ya godoro. Kabla ya chakula cha jioni Runa alikuwa na mioyo mingi kuliko Vesna wote.

Jamani, mtoto yule hakuwa mbaya. Lakini mkono wake ulitenda kitendo kibaya, tena kwa makini sana.

Sasa niwaambie kidogo kuhusu Bwana Rusk, mtunza maktaba anayeongoza klabu. Bwana Rusk ana kanuni moja, na watoto humuiga sauti wakiisema. Hakuna mchoro uliokwisha mpaka ugeuzwe. Unaushika dirishani, unautazama kwa upande wa nyuma, mwanga ukipenya. "Ukiutazama mbele tu, jicho linazoea makosa yako," husema. "Nyuma halijapazoea." Ukigeuza, pua iliyopinda unaiona, bega lililozidi unaliona. Kila Jumamosi watoto hujipanga madirishani wakigeuza karatasi zao. Maren amegeuza karatasi pale maktaba tangu akiwa darasa la tatu. Siku ile ya kuiba, hilo halikumjia akilini hata kidogo.

Jumamosi ikafika. Mimi nilikuwa nagawa kakao karibu na mlango, kazi yangu ya kila mwaka, kwa hiyo yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu. Tova hakuwa na simu yake, alitumia ya mama yake, na juma zima hakuufungua ukurasa wa klabu; alikuwa amejifungia akimalizia safari kumi za Oda. Alizipanga mezani. Wa kwanza kufika mezani pake alikuwa Gus Peltier, mvulana mwenye mdomo usiojua breki.

"Wee Tova," Gus alisema, "huyu si Runa?"

"Runa ndiye nani?"

"Usijifanye! Runa wa Maren." Akamwonyesha simu.

Tova akatazama. Na unajua alifanya nini? Alitabasamu. Watoto wa klabu wana desturi ya kuchoreana wahusika wao kama zawadi; mimi nakuchorea wako, wewe unanichorea wangu. Tova alidhani ndiyo hiyo. Akageuka kwenye meza ya jirani, uso umejaa furaha.

"Maren! Umenichorea Oda? Umemvalisha ngozi?"

Maren akazipanga penseli zake. Tova akaisogelea ile karatasi, akainama kutafuta maandishi ya chini, pale linapokaa jina la mwenye mhusika. Akasoma. Akasoma tena.

"Mbona jina langu halipo?"

"Kwa sababu ni Runa," Maren alisema. "Ni wangu."

"Maren. Ni ile picha niliyokupa siku ya kuzaliwa. Umebadilisha nywele tu."

Watoto walikuwa wameshaanza kukusanyika. Maren aliona nyuso zao zote, wale waliompa mioyo, wanamsubiri yeye. Angeweza kusema neno moja tu. Badala yake alisema, "Picha gani? Hukunipa picha yoyote."

Nilisikia, na kijiko kikaniponyoka.

"Aha!" Gus akapaza sauti. "Runa yuko kwenye ukurasa tangu Alhamisi, na huyu Oda leo ndiyo tunamwona! Tova ni mwizi wa mhusika!"

Mwizi wa mhusika. Kwa watu wazima ni maneno matupu, lakini kwa watoto wale hakuna tusi linalozidi hilo. Msichana mmoja aliyekuwa ameshachukua stika ya Oda, kijipicha cha kubandika, akairudisha mezani pa Tova. Mwingine akasema, "Yaani na umekuja na safari kumi kabisa! Huoni haya?" Tova akaanza kukusanya michoro yake, mmoja mmoja, bila kumtazama mtu. Maren alikuwa amesimama pale pale, hatua chache tu, akizitazama penseli zake.

Bwana Rusk aliona msongamano akaja. "Kuna nini hapa?" Wote wakasema kwa pamoja. Aliinua mkono wakanyamaza. Kisha, kwa mazoea yake ya miaka yote, akauchukua mchoro wa Runa, akausogeza kwenye dirisha, akaugeuza. Jua lilikuwa kali. Nywele na ile ngozi ya mbwamwitu, zilizochorwa kwa penseli laini, zikafifia. Mistari mizito iliyofuatishwa ikabaki imesimama peke yake: msichana anayeegemea upande mmoja, jicho la kulia juu kuliko la kushoto, anavuta sleji kwenda kulia.

Bwana Rusk amekuwa akimwambia Tova kuhusu jicho hilo kwa miaka mingi.

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa na mama yake Maren akaingia, bado na koti jeupe la duka la dawa anakofanya kazi, mkononi sinia ya mikate ya mdalasini. Aliona binti yake, akaona mchoro dirishani, akafurahi.

"Ah, mmeileta na ile!" alisema kwa sauti ya uchangamfu. "Si ile Tova aliyokupa siku yako ya kuzaliwa, Maren? Nilikuwa najiuliza imekwenda wapi, ukutani imebaki gundi tu."

Mama akatazama nyuso, moja baada ya nyingine. Akamtazama Tova aliyekuwa na michoro yake kifuani. Akamtazama Bwana Rusk, ambaye bila neno aliurudisha mchoro upande wa mbele, na mama akasoma jina lililoandikwa chini.

"Maren?" alisema taratibu. "Mwanangu, umefanya nini?"

Tova aliyatia makaratasi yake kwenye mfuko wa plastiki, yakakunjika, akatoka bila kofia. Nilimkimbilia na kofia yake mpaka barabarani. Aliipokea, akasema "Asante" kwa adabu, akaenda zake.

Mama yake Maren hakumpiga wala hakumgombeza. Nyumbani aliinua godoro mwenyewe, akaitoa picha, akainyoosha kwa kiganja chake juu ya meza, muda mrefu. "Mimi ndiye niliyekufichua mbele za watu," alisema, "na nimeumia. Lakini hata kama ningejua, ningesema vile vile." Maren alilia mpaka akapata kwikwi.

Kesho yake Maren alikwenda kugonga kwa akina Lindgren. Tova alifungua, akabaki kizingitini. Hakumkaribisha ndani.

"Nimeandika ukweli kwenye ukurasa," Maren alisema. "Nimesema Oda ni wako. Nimemfuta Runa. Samahani, Tova. Naomba unisamehe."

"Ningekupa," Tova alisema.

"Nini?"

"Ungeniomba tungechora wote. Ningekufundisha mikono. Mimi mikono naiweza." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Elis alipiga simu jana jioni. Aliona ule ukurasa. Ameniuliza, 'Tova, umemgawa Oda?' Nimemwambia hapana. Haamini. Anasema amemwona kwa macho yake, ana jina lingine na mbwa amepona mguu."

Maren akainama.

"Kwa hiyo mwambie wewe," Tova alisema, akampa simu ya mama yake. "Mimi nimechoka kumwambia."

Maren aliipokea. Aliniambia kwamba hakuna kitu kigumu alichowahi kushika kama simu ile. Ikaita. Sauti ndogo ikasema, "Haloo?"

"Elis, ni Maren. Rafiki... ni Maren wa mtaani kwenu. Tova hakumgawa Oda. Mimi nilimchukua. Nilimfuatisha dirishani nikaandika jina langu."

Kisha Elis akauliza, si kwa hasira, kwa mshangao tu wa mtoto, "Kwani wewe huna wa kwako?"

"Sina," Maren alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi pole," Elis alisema, akakata simu.

Hiyo pole ilimchoma Maren kuliko lile jina la mwizi ambalo sasa alikuwa akiitwa yeye shuleni.

Gus na wenzake walimwomba Tova radhi. Tova alisema sawa. Oda alichaguliwa, na mwezi Juni akapakwa ukutani, koti la manjano toka sakafuni hadi darini, jicho moja juu kuliko jingine. Bwana Rusk alikataa katakata jicho hilo kurekebishwa. Elis alikuja likizo akasimama chini yake kinywa wazi. Lakini siku ya kupaka rangi, Tova alichagua wasaidizi wanne, na Maren hakuwamo.

Jumamosi ile ya kupaka rangi Maren alibaki nyuma baada ya wenzake kuondoka, akimsaidia Bwana Rusk kuosha brashi.

"Nilidhani nikisema ukweli yatakwisha," alisema.

"Yamekwisha," Bwana Rusk alijibu. "Jina la Tova limesafika. Hilo ndilo lililokuwa la lazima."

"Mbona hataki tena kukaa na mimi?"

Bwana Rusk alikaza bomba, akajipangusa mikono. "Sikiliza, Maren. Kufuatisha mchoro wa mtu ili ujifunze si kosa. Mimi nimejifunza hivyo, Vesna wako wote ni hivyo, na siku zote uliandika ni wa nani. Kosa lilianza ulipoandika jina lako mahali pa jina lake. Hata hapo ungeweza kurudi nyuma. Siku ile mbele ya watu, kama ungesema, 'Ni kweli, alinipa,' ungepoteza mchoro mmoja na kuona haya kwa wiki moja. Ulikaa kimya rafiki yako akiitwa mwizi. Hicho kimya ndicho kilichompoteza Tova. Ukweli ulisemwa siku ile, ndiyo, lakini hukuusema wewe."

"Atarudi?"

"Sijui," alisema Bwana Rusk, na namheshimu kwa kutomdanganya. "Pengine hatarudi. Wewe uwe mkweli hata asiporudi. Na uchore vyako."

Maren alichora vyake. Simu aliiacha mfukoni. Kiangazi kizima alichora mikono yake mwenyewe, mibaya, minene, yenye vidole vinavyofanana na soseji, na mioyo ikakoma kabisa. Mwezi Septemba alimaliza mhusika wake wa kwanza: mzee anayeuza tikiti za kivuko, mwenye masikio makubwa. Akaenda na mchoro kwenye dirisha la maktaba, akaugeuza mwenyewe. Kila kitu kilikuwa kimepinda.

Tova alikuwa akipita na kopo lake la penseli. Akasimama, akatazama ule upande wa nyuma kidogo.

"Mkono wa kushoto ni mfupi," alisema.

"Naona," Maren alisema. "Asante."

Tova akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa mwisho wa meza, mahali anapokaa siku hizi. Maren akachukua kifutio, akarudi kwenye mkono wa kushoto.